Mafahali Wawili Hawakai Zizi Moja: Utangamano wa Samaki wa Maji Baridi katika Tangi la Mfugaji Anayeanza, kwa Mfano wa Mtangawanda

Utangulizi

Msafiri atokaye mji wa Lamu kwenda kisiwa cha Pate hupita katika mkondo wa Mkanda, kati ya kisiwa cha Manda na bara, na aghalabu hushukia katika gati la Mtangawanda. Pande zote amezungukwa na maji, lakini maji hayo hayanyweki. Kisiwa cha Pate hakina mto wala ziwa. Tangu kale wakazi wake wametegemea visima vilivyochimbwa katika mwamba wa matumbawe, ambavyo vingi vina ladha ya chumvi, pamoja na jabia, yaani mahodhi makubwa ya kukinga maji ya mvua, yaliyojengwa kwa mawe na kupigwa lipu ya chokaa. Huenda basi msomaji akashangaa kuona mahali kama hapo pakiteuliwa kuwa mfano katika makala yanayohusu ufugaji wa samaki wa maji baridi.

Mshangao huo una jibu. Watu wa mwambao walifuga samaki majumbani na misikitini kabla tangi la kioo halijawafikia. Katika mabirika ya kutawadhia na yale ya vyooni mwa nyumba za mawe za Lamu, samaki wadogo waliwekwa ili wale viluwiluwi vya mbu. Aliyewaweka hakuwa akitafuta pambo. Hata hivyo, alilazimika kujibu maswali yaleyale anayokabiliana nayo leo kijana anayenunua tangi lake la kwanza: Ni samaki gani ataishi katika maji haya? Ataishi na nani? Watakuwa wangapi?

Makala haya yanakusudia kufafanua jinsi ya kuteua samaki wanaotangamana katika tangi la maji baridi la mfugaji anayeanza. Neno utangamano linatumiwa hapa kwa maana ya uwezo wa viumbe kuishi pamoja katika maji yaleyale bila kudhuriana. Hoja kuu ni kwamba utangamano huanza na maji, hufuatiwa na ukubwa, kisha tabia, na mwisho idadi. Aidha, makala yanajadili kosa moja la istilahi ambalo, ingawa ni dogo katika kamusi, linatosha kuua samaki.

Jabia, Birika na Mbu wa Mwaka 2004

Maneno jabia na birika yote mawili yana asili ya Kiarabu. La kwanza linatokana na jabiya, hodhi la kukusanyia maji, na la pili linatokana na birka, dimbwi au hodhi. Neno hilo la pili limeingia pia katika Kisomali kwa umbo la berked, nalo hutaja hodhi la kukinga mvua katika maeneo makavu. Katika miaka ya 1980, kaskazini mwa Somalia, perege wa aina ya Oreochromis spilurus waliwekwa katika mahodhi hayo kwa majaribio ili wale viluwiluwi vya mbu waenezao malaria. Maarifa ya birika la Lamu na ya berked ya Somalia ni ya ukoo mmoja, kama yalivyo majina yake.

Umuhimu wa maarifa hayo ulidhihirika mwaka 2004. Kati ya mwezi Mei na Julai mwaka huo, homa ya chikungunya ililipuka katika kisiwa cha Lamu, na uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulikadiria kwamba takriban asilimia 75 ya wakazi waliambukizwa. Kutoka hapo ugonjwa ulifika Mombasa mwaka huohuo, na mwaka 2005 ukaingia Komoro na visiwa vingine vya Bahari ya Hindi. Mbu anayehusika, Aedes aegypti, huuma mchana na hupenda kutaga mayai katika maji yaliyohifadhiwa na watu: mitungi, mapipa na mahodhi. Watafiti waliuhusisha mlipuko huo na ukame, kwa kuwa maji yalihifadhiwa kwa muda mrefu bila kubadilishwa. Ikumbukwe pia kwamba neno chikungunya si la Kiswahili, ingawa mara nyingi hudaiwa hivyo. Ni la Kimakonde, na maana yake hulenga kujikunja kwa mgonjwa kutokana na maumivu ya viungo. Jina hilo lilienea baada ya mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 katika uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanganyika.

Kwa hiyo samaki mdogo ndani ya hodhi si mchezo wa kitoto. Pale Mtangawanda, mtu anayejifunza kumweka samaki hai katika lita 45 za maji anajifunza jambo linaloweza kuifaa nyumba yake yote.

Baridi Isiyo Baridi

Kiswahili kina majina kadhaa ya maji yasiyo ya bahari. Huitwa maji baridi, maji matamu, na katika matumizi ya zamani ya pwani, maji ya pepo. Sifa ya ubaridi katika istilahi hii haihusu joto hata kidogo. Maji ya kisima cha Pate yenye nyuzijoto 28 za Selsiasi ni maji baridi, na maji ya bahari yenye nyuzijoto 10 ni maji chumvi. Hapa baridi ina maana ya kutokuwa na ukali wa chumvi. Msemaji wa Kiswahili hushuhudia maana hiyo kila siku dukani anapoagiza soda baridi na kueleweka kwa maana nyingine kabisa, wala hasumbuki.

Usumbufu huja katika tafsiri. Vitabu vya ufugaji vilivyoandikwa kwa Kiingereza hutofautisha dhana mbili: samaki wa maji yasiyo na chumvi, na samaki wa maji yenye joto la chini. Kila dhana ina neno lake. Mfasiri asiye mwangalifu huzileta zote mbili katika Kiswahili kwa jina la samaki wa maji baridi. Matokeo yake ni kwamba samaki wa dhahabu, ambaye kwa asili ni wa maji yenye ubaridi wa Asia ya Mashariki, huorodheshwa pamoja na gapi wa Amerika ya Kusini, ambaye hupenda nyuzijoto 22 hadi 28. Anayesoma orodha hiyo huwaweka pamoja, na kwa mujibu wa orodha hana kosa, kwa kuwa wote ni samaki wa maji baridi. Lakini katika joto la Mtangawanda, hasa wakati wa kaskazi, samaki wa dhahabu hutaabika. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo kuliko maji yaliyopoa, naye ni mnyama mkubwa mwenye kuhitaji oksijeni nyingi.

Pendekezo la makala haya ni jepesi. Maji baridi libaki kuwa jina la maji yasiyo ya chumvi, kwa sababu limeshika mizizi katika shule, sheria na soko. Dhana ya pili ielezwe waziwazi kwa kutaja joto lenyewe, kwa mfano samaki wa maji yenye ubaridi, na nyuzijoto zitajwe kwa tarakimu. Istilahi ndefu inayookoa maisha ni bora kuliko fupi inayopoteza.

Maji Kwanza, Samaki Baadaye

Kosa la kwanza la wengi wanaoanza ni kuchagua samaki kwa rangi, kisha kutafuta maji. Utaratibu sahihi ni kinyume chake. Mfugaji aanze kwa kuuliza ana maji gani.

Mkazi wa Mtangawanda anaweza kupata maji ya aina mbili. Maji ya kisima yamepita katika mwamba wa matumbawe, ambao ni chokaa, na kwa hiyo ni maji magumu, yenye madini mengi na kipimo cha pH kilicho juu ya 7. Mara nyingi yana chumvi kiasi. Maji ya mvua huanguka yakiwa laini, karibu bila madini, lakini yakikaa katika jabia yenye lipu ya chokaa huyeyusha sehemu ya chokaa hiyo na kuwa magumu kidogo. Jabia au birika jipya lisitiwe samaki mara tu linapokamilika. Saruji na chokaa mbichi hupandisha pH kiasi cha kuua, na ni lazima lijazwe maji na kumwagwa mara kadhaa kabla ya kutumiwa.

Samaki wa bahari, ambao kila mtoto wa Mtangawanda anawajua kwa majina, hawawezi kuhamishiwa humo. Sababu ni ya kimaumbile. Mwili wa samaki wa maji baridi una chumvi nyingi kuliko maji yanayomzunguka, kwa hiyo maji humwingia daima naye huyatoa kwa mkojo mwingi mwepesi. Samaki wa bahari yumo katika hali iliyo kinyume: bahari humkausha, naye hunywa maji yake na kutoa chumvi kupitia matamvua. Kila mmoja ameumbiwa kazi yake. Kumtupa mmoja katika maji ya mwenzake ni kuvilazimisha viungo vyake kufanya kazi visivyoiweza.

Jambo la pili kuhusu maji halionekani kwa macho. Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Katika tangi lililokomaa, bakteria wanaoishi juu ya changarawe na chujio huigeuza amonia kuwa naitriti, ambayo nayo ni sumu, na bakteria wengine huigeuza naitriti kuwa naitrati, ambayo madhara yake ni madogo. Bakteria hao huchukua takriban wiki nne hadi sita kuenea. Tangi lililojazwa leo na kutiwa samaki kumi leo ni nyumba isiyo na choo. Kwa mfugaji wa Pate kuna tahadhari ya ziada: kadiri pH inavyopanda, ndivyo sehemu ya amonia iliyo kali inavyoongezeka. Kutoka pH 7 hadi 8 sehemu hiyo huongezeka takriban mara kumi. Kwa hiyo kosa ambalo maji laini ya mahali pengine yangelisamehe, maji ya mwamba wa matumbawe hayalisamehe.

Nguzo Nne za Utangamano

Nguzo ya kwanza ni maji, nayo imekwishaelezwa. Samaki wawili wapole wa ukubwa mmoja hawatangamani ikiwa mmoja ni wa maji laini na mwingine wa maji magumu. Tetra neoni wa vijito vya Amazoni, mwenye mstari wa buluu unaong'aa, ni mpole kupita kiasi, lakini kwa asili ni wa maji laini yenye asidi. Kumtia katika maji ya kisima cha Mtangawanda ni kumwonea.

Nguzo ya pili ni ukubwa, na hasa ukubwa wa mdomo. Kanuni yake ni kwamba samaki anayeenea katika mdomo wa mwenzake mwishowe ataingia humo. Mfugaji asipime samaki kwa umbo lake la dukani bali kwa umbo lake la utu uzima. Kambare mchanga wa sentimita 5 hupendeza kwa masharubu yake, lakini kambare wa Afrika, Clarias gariepinus, huweza kupita urefu wa mita moja, na hula chochote anachokimudu. Samaki malaika, mwenye mapezi marefu kama tanga, hukaa kwa amani na tetra neoni wakiwa wote wadogo. Akikua, huwala.

Nguzo ya tatu ni tabia. Wahenga walinena kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja, na mfano wa wazi kabisa wa methali hiyo ndani ya maji ni beta wa Asia ya Kusini-Mashariki. Madume wawili wakiwekwa pamoja hupigana hadi mmoja aumie au afe. Madume wa jenasi ya Nothobranchius, samaki wa rangi kali wanaoishi katika vidimbwi vya msimu vya Afrika ya Mashariki, nao hugombana, ijapokuwa kwa ukali mdogo zaidi. Wako pia wachokozi wasio mafahali. Babu mwenye milia, anayejulikana kwa jina la chui, huyang'ata mapezi marefu ya wenzake, hasa anapokuwa peke yake au katika kundi dogo. Akiwa katika kundi la wanane au zaidi, uchokozi huo huishia ndani ya kundi.

Hapo ndipo inapoingia nguzo ya nne, yaani idadi. Samaki wa kundi hawezi kufugwa mmoja mmoja. Tetra, babu na koridora huhitaji wenzao sita au zaidi wa aina yao. Akiwekwa peke yake, samaki wa kundi hujificha, hukataa kula na hupoteza rangi. Kwa upande mwingine, tangi likijaa kupita kiasi amonia huongezeka na oksijeni hupungua. Kanuni ya makadirio inayomfaa anayeanza ni sentimita moja ya samaki mzima kwa kila lita mbili za maji, kwa samaki wadogo wembamba tu. Samaki mmoja wa dhahabu wa sentimita 20 hawi sawa na gapi saba, kwa kuwa unene wake na uchafu wake ni mara nyingi zaidi.

Wanaofaa na Wasiofaa

Kwa maji magumu ya Pate, samaki wa kwanza kufikiriwa ni gapi, Poecilia reticulata. Asili yake ni kaskazini mwa Amerika ya Kusini na visiwa vya jirani. Dume huwa na urefu wa sentimita 3 hivi, na jike huweza kufika 5 au 6. Hupenda pH ya 7 hadi 8.5, huvumilia chumvi kidogo, na hula viluwiluwi vya mbu. Hatagi mayai bali huzaa watoto walio hai, takriban kila wiki nne, na jike huweza kuhifadhi mbegu za dume na kuendelea kuzaa kwa miezi bila kukutana na dume tena. Sifa hiyo humfurahisha mfugaji mwezi wa kwanza na kumtia hofu mwezi wa sita. Majike na madume wakichanganywa, wawepo majike wawili au watatu kwa kila dume, la sivyo jike hufukuzwa mchana kutwa hata adhoofike. Anayetaka utulivu afuge madume peke yao. Hapa methali ya mafahali hupata tofauti yake, kwa kuwa madume wa gapi hushindana kwa mbwembwe na si kwa meno.

Jamaa zake wawili, moli na plati, hufuata. Moli huvumilia chumvi kuliko wote na ndiye anayefaa zaidi kisima kikiwa cha chumvi kiasi, lakini hukua hadi sentimita 8 au zaidi na huhitaji tangi kubwa. Plati ni mfupi, mpole na mwenye rangi ya moto. Wote watatu hutangamana.

Fahari ya Afrika ya Mashariki katika matangi ya dunia ni sikilidi wa maziwa makuu. Mbuna wa Ziwa Nyasa, wenye rangi za buluu na manjano, pamoja na jamaa zao wa Ziwa Tanganyika, hupenda maji magumu, na kwa hesabu ya maji peke yake wangefaa Mtangawanda. Lakini mbuna ni wagomvi wenye kushika mipaka. Huhitaji tangi kubwa lenye mawe mengi, na hawawezi kuwekwa pamoja na gapi. Mfano wao huonyesha kwamba nguzo moja haitoshi kuibeba nyumba. Mfugaji na awaache hadi apate uzoefu.

Samaki wa dhahabu, beta, tetra neoni na kambare wameshatajwa, na kila mmoja huanguka katika nguzo yake: wa kwanza kwa joto, wa pili kwa tabia, wa tatu kwa ugumu wa maji, wa nne kwa ukubwa.

Mfano wa Tangi Moja

Msomaji na achukue mfano wa tangi lenye urefu wa sentimita 60, upana wa 30 na kimo cha 30. Likijazwa hadi kimo cha sentimita 25 huchukua lita 45. Maji hayo peke yake yana uzito wa kilo 45, kwa hiyo meza iwe imara. Tangi lisiwekwe mahali jua linapopiga moja kwa moja, kwani litapashwa moto na kuota ukungu wa kijani. Kikanza maji hakihitajiki katika hali ya hewa ya Lamu.

Kwa kanuni iliyotajwa, lita 45 huruhusu takriban sentimita 22 za samaki. Uteuzi wa kwanza unaowezekana ni madume saba wa gapi, yaani sentimita 21, bila kizazi. Uteuzi wa pili ni dume mmoja na majike watatu wa gapi, yaani sentimita 18, huku nafasi iliyobaki ikiachiwa watoto, na kukiwa na birika au pipa la kuwahamishia. Wasiingizwe wote siku moja. Wawili au watatu watangulie, na baada ya wiki mbili au tatu, maji yakiwa safi na samaki wakila vizuri, wengine wafuate. Chakula kiwe kidogo, kinachokwisha ndani ya dakika mbili au tatu. Husemwa kwamba samaki mmoja akioza wote wameoza, na katika tangi methali hiyo si sitiari: samaki aliyekufa, au chakula kilicholala chini, hutoa amonia inayowafikia wote.

Safari nayo ihesabiwe. Samaki anayenunuliwa Mombasa atapanda basi hadi Mokowe, kisha chombo hadi Lamu, kisha chombo kingine. Asilishwe siku moja kabla ya safari, na mfuko wake uwe na theluthi moja ya maji na theluthi mbili za hewa. Akifika, mfuko ueleeshwe juu ya maji kwa dakika 15 au 20, kisha maji ya tangi yaongezwe kidogo kidogo kabla ya kumwachia. Mgeni anayeongezwa katika tangi lenye wenyeji akae kwanza katika chombo cha pembeni kwa wiki mbili hadi nne, ili ugonjwa wake, kama anao, usiwe wa wote.

Kila wiki robo ya maji ibadilishwe, nayo ni kama lita 11, yaani kiasi kinachozidi kidogo nusu ya mtungi wa lita 20. Mahali ambapo punda hubeba maji, kiasi hicho hakiwezi kupuuzwa. Maji yanayotolewa yana naitrati, ambayo ni mbolea, kwa hiyo yamwagiwe mchicha au mche wa mnazi, nayo hayatakuwa yamepotea. Ikiwa hata hivyo nyumba haina akiba ya kutosha wakati wa kiangazi, uamuzi wa busara ni kupunguza samaki au kungoja masika. Jambo jingine ni kwamba maji yanayoondoka kwa mvuke huacha madini na chumvi yake ndani ya tangi. Anayefidia pengo kwa maji ya kisima kila siku huongeza chumvi juu ya chumvi. Pengo la mvuke lijazwe kwa maji ya mvua. Na kama jabia imetiwa dawa ya klorini, maji yake yakae wazi siku nzima au zaidi kabla ya kutiwa tangini, kwa kuwa klorini huua samaki na bakteria wanaowalinda.

Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone?

Methali hii ya ukarimu haiwahusu samaki. Mfano mkubwa wa kukosekana kwa utangamano haukutokea katika tangi bali katika Ziwa Viktoria. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, sangara, ambaye upande wa Kenya huitwa mbuta, aliingizwa humo. Ziwa hilo lilikuwa na mamia ya aina za furu, sikilidi wadogo wasiopatikana kwingineko duniani. Kufikia miaka ya 1980 sangara alikuwa ameongezeka mno, na inakadiriwa kuwa takriban aina 200 za furu zilitoweka au kukaribia kutoweka, sangara akiwa sababu kuu pamoja na uchafuzi wa maji. Ngege wa asili naye alipungua mno, huku perege wa Nile, mgeni mwingine wa miaka hiyo, akichukua nafasi yake. Nguzo zilezile za tangi la lita 45 ndizo zilizovunjwa: ukubwa wa mdomo, tabia na idadi. Tofauti ni kwamba ziwa haliwezi kumwagwa na kujazwa upya.

Kwa sababu hiyo, mfugaji aliyezidiwa na watoto wa gapi asiwapeleke bara na kuwaachia katika Ziwa Kenyatta la Mpeketoni, wala katika vijito vya delta ya mto Tana. Vidimbwi vya msimu vya pwani ni makao ya Nothobranchius, ambao mayai yao hulala ndani ya tope kavu hadi mvua irudi, na ambao maisha yao yote ni ya miezi michache tu. Mgeni mwenye njaa anayefika humo hukuta wenyeji wasio na pa kukimbilia. Gapi wa ziada wagawiwe majirani wenye mapipa na mabirika yenye mbu. Kisiwani Pate, ambako hakuna mto wa kutorokea, ukarimu huo una faida.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba uteuzi wa samaki wanaotangamana husimama juu ya nguzo nne: maji, ukubwa, tabia na idadi, na kwamba mpangilio huo haupinduliwi. Yameonyesha pia kwamba neno baridi katika maji baridi lisitafsiriwe kwa joto, na kwamba wajibu wa kulilinda neno hilo ni wa wanafunzi na walimu wa Kiswahili kabla ya kuwa wa wauza samaki.

Mkazi wa Mtangawanda anayeanza leo na samaki wanne katika maji ya jabia haanzi jambo geni. Anaendeleza kazi ya wale waliotia samaki katika birika la msikiti, ambao hawakuacha kitabu cha ufugaji lakini waliacha birika lenyewe. Ilikuwa ni elimu ya kuyatazama maji kabla ya kumtazama samaki. Mfugaji akishika hilo peke yake, samaki wake wa kwanza hawatakuwa wa mwisho.